UZI: Wodi salama za wagonjwa wa akili wa mahakama, kwa nini mipango huanza na ukuta?

#1 Mchora Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila serikali ikigusia kujenga au kupanua wodi salama za wagonjwa wa akili wanaoletwa kwa amri ya mahakama, mazungumzo huanzia kwenye ukuta: mita ngapi, waya gani, kamera ngapi. Mimi naona huko ni kuvaa kofia kabla ya suruali. Kinachotangulia ni idadi ya vitanda, na hiyo hutegemea siku mtu anazokaa kuliko wingi wa wanaoingia.

Tuchukue Tanzania Bara. Mtuhumiwa ambaye akili yake ina mashaka hupelekwa Taasisi ya Isanga, Dodoma, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 220 katika toleo la 2019, inampa daktari siku 42 aandike taarifa kwa mahakama. Gawa 365 kwa 42 unapata watu 8.7 kwa kitanda kimoja kwa mwaka. Acha asilimia 15 ya nafasi kwa matengenezo na dharura, wanabaki 7.4. Kwa hiyo vitanda 20 vya uchunguzi vinahudumia watu 148.

Sasa taarifa iwe tayari siku ya 42, ila mtu aje kuchukuliwa siku ya 120. Vitanda vilevile 20 vinahudumia watu 52. Hakuna tofali lililobomoka, lakini karibu theluthi mbili ya wodi imeyeyuka.

Swali langu: kwa nini hesabu hii haiwi ukurasa wa kwanza wa mpango? Karibuni.

#2 Kifaru Mpole

Nimekaa mbele kabisa, ngoja waje wenye fani. Ila kwanza tuwekane sawa: ni Mirembe au Milembe? Mtaani kila mtu anasema Milembe.

#3 Wakili wa Mtaa

#2 rasmi ni Mirembe, na kwa mtu aliyekasirika ni Milembe.

Mchora Ramani, hoja yako nzuri ila kuna pa kurekebisha. Zile siku 42 zinamfunga daktari na taarifa yake tu. Hazimfungi mwenye gari la kuja kumchukua mtu, wala hazimfungi msajili wa mahakama. Kesi za mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, nayo katika mikoa mingi huzisikiliza kwa vikao. Taarifa ikifika kikao kimeshafungwa, mtu anasubiri kikao kingine. Hapo daktari ametimiza wajibu wake na kitanda bado kina mtu.

Halafu umewaweka wote kwenye kapu moja. Wako wa uchunguzi, hao wa kifungu cha 220. Wako walioonekana hawawezi kujitetea kwa sasa, kesi imesimama mpaka wapate nafuu. Wako ambao mahakama imetamka kwamba walitenda kitendo lakini hawana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, wakawekwa chini ya amri ya Waziri, kifungu cha 219. Na wako wafungwa wa kawaida waliougulia gerezani. Wa kwanza anakaa wiki, wa tatu anaweza kukaa miaka. Ukitafuta wastani wa hao wote utapata namba isiyomhusu hata mmoja wao.

#4 Fundi Bawaba

Wasomi mna raha, mnagawanya 365 kwa 42 mkiwa kwenye kiti. Mei 2013 Hospitali ya Mathari kule Nairobi walitoroka wagonjwa 40 kwa mpigo. Siku hiyo hakuna aliyeuliza wastani wa siku za kukaa. Wananchi wanauliza ukuta ulikuwaje, na waziri anajibu ukuta utakuwaje. Ndiyo maana mipango huanzia hapo, na si ujinga.

Tatizo ni kwamba hata huo ukuta unajengwa vibaya. Makosa ya kawaida:

Nguzo za ukuta zinatokeza upande wa ndani. Hiyo ni ngazi ya bure. Upande wa ndani uwe laini, plasta hadi juu, nguzo zitokeze nje.

Pembe za ndani za nyuzi 90. Mtu mwepesi anakanyaga ukuta huu na huu akipanda, mgongo kwenye kona. Kona ikatwe kwa mshazari au ipinde.

Tenki la maji kwenye mnara, banda la kuanikia nguo, kiyoyozi, bomba la maji ya mvua, vyote karibu na uzio. Ukuta wa mita 5 wenye banda la mita 2.5 pembeni ni ukuta wa mita 2.5.

Na kama bajeti inaruhusu, wavu wa chuma wa 358 unashinda tofali: tundu milimita 76.2 kwa 12.7, waya milimita 4. Kidole cha mguu hakiingii, koleo dogo halipati pa kung'ata, na aliye nje anaona ndani. Chini yake mimina zege ili mtu asichimbe.

#5 Zamu ya Usiku

Fundi nakuheshimu, lakini watu 40 hawapandi ukuta mmoja mmoja kama foleni ya mwendokasi bila mtu kuona. Ukisikia idadi hiyo uliza kwanza zamu ilikuwa na watu wangapi, sio ukuta ulikuwa na mita ngapi.

Hesabu ya zamu iko hivi. Wodi ya vitanda 15: asubuhi wauguzi 5 kwa saa 7, mchana 5 kwa saa 7, usiku 3 kwa saa 10. Jumla saa 100 kwa siku, 700 kwa wiki. Mtu mmoja ana saa 40 kwa wiki, hivyo 17.5. Ongeza kama robo kwa likizo, ugonjwa, uzazi na mafunzo, unafika 22. Wauguzi 22 kwa vitanda 15, na hapo hujahesabu mlinzi wa lango, daktari wala mpishi.

Sasa mgonjwa mmoja anatakiwa mahakamani Mwanza, karibu kilometa 700 kutoka Dodoma. Akihitaji wauguzi wawili wa kumsindikiza kwa siku tatu, zamu sita zimeondoka. Wakienda wagonjwa wawili wiki moja, wodi usiku inabaki na muuguzi mmoja. Huyo hatafungua mlango wa uani jioni, na ana haki. Wagonjwa wanashinda ndani, ugomvi unaanza, sindano zinaongezeka. Ukuta haujahusika popote.

#6 Msafiri wa Thika Road

Hamjambo ndugu zetu. Kwa vile Mathari imetajwa, niongeze kidogo. Ilianza mwaka 1910, na kabla ya hapo mahali hapo palikuwa pa kuwatengea wagonjwa wa ndui. Yaani mpango wa kwanza ulikuwa tayari wa kutenga, tiba ikafuata baadaye. Majengo yakianza hivyo huendelea hivyo.

Na tafadhali, Mathari ni hospitali, Mathare ni mtaa. Mwaandika vibaya kila mara.

Kwa sheria, Kenya tulikuwa na lile jambo la kukaa "kwa ridhaa ya Rais", kifungu cha 166 cha Sura ya 75, yaani sheria yetu ya mwenendo wa jinai. Mkuu wa hospitali au gereza alitakiwa kuandika taarifa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Hebu fikirieni: mtu akipona mwezi wa tano, karatasi ya kumtazama upya yaja mwaka wa tatu. Mahakama Kuu imetamka zaidi ya mara moja kwamba kumshikilia mtu bila kikomo namna hiyo kwakiuka Katiba. Hesabu ya #1 ikitiwa mtu wa namna hii inavunjika kabisa.

#7 Kifaru Mpole

Mkuu #6, kwetu Mirembe, Zanzibar Kidongo Chekundu, kwenu Mathari. Kila nchi ina jina lake la kutukania watu. Mashabiki wa ile timu yetu baada ya mechi ya juzi wangejaza zote tatu, na fundi angeongeza ukuta.

#8 Fundi Bawaba

Zamu ya Usiku nimekuelewa, sibishi kuhusu watu. Lakini nikwambie kitu kinachokula wauguzi kuliko safari ya Mwanza: lango baya.

Lango la wodi salama ni chumba cha mpito, milango miwili inayotegeana, huu ukiwa wazi ule haufunguki. Kwenye mchoro ni kitu kizuri sana. Sasa njoo uone kinavyotumika. Chumba kimechorwa mita 2 kwa sababu mchoraji alifikiria mtu anayetembea. Toroli la chakula na wasukumaji wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wanahitaji mita 3. Toroli likiingia, mlango wa nyuma haufungi, na usipofunga wa mbele haufunguki. Sufuria ya ugali imekwama katikati mara tatu kwa siku, wagonjwa 60 wanasubiri upande wa pili. Wiki ya pili tu utaona tofali limewekwa kuzuia mlango wa kwanza. Wiki ya tatu hilo tofali limeshapata mahali pake maalumu pale mlangoni, limechakaa upande mmoja. Milioni kibao za mitambo zimeshindwa na tofali moja.

Lango la magari ni hivyohivyo. Linapimwa kwa Noah. Karandinga la mahabusu likija linabaki nusu nje nusu ndani, na gari la zimamoto haliingii kabisa. Pima kwa gari refu kuliko yote, ongeza nafasi ya mtu kuzunguka na kukagua chini.

Na umeme: amueni mapema, ukikatika kufuli ibaki imefunga au iachie? Lango la nje libaki limefunga na lifunguke kwa ufunguo wa mkono. Milango ya njia ya moto ni habari nyingine. Betri ya kushikilia mpaka jenereta iwake lazima iwe kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi. Ikiandikwa "mkandarasi atajazia" haitakuwepo.

#9 Daktari wa Kanda

Nachangia upande ambao wachoraji hawauoni: dawa.

Wengi wanatumia klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, ile wazee wanaiita Largactil. Inafanya ngozi iungue kirahisi na jua, na dawa nyingi za kundi hili zinauvuruga mwili unapojipoza kwenye joto. Uani wa zege tupu Dodoma saa nane mchana, bila kivuli, unatengeneza wagonjwa wapya. Kwa hiyo kivuli ni tiba.

Anayetumia lithiamu akikosa maji ya kunywa, au akiharisha, dawa inapanda kwenye damu: mikono inatetemeka, anayumba, anachanganyikiwa. Mtu wa zamu akidhani ni ugonjwa wa akili umerudi, anaongeza dawa. Unatakiwa upime damu saa 12 baada ya dozi, na kiwango cha kawaida ni kati ya 0.6 na 1.0 milimoli kwa lita. Bila maabara karibu usianze. Klozapini nayo, kwa utaratibu wa Uingereza, ni kupima damu kila wiki kwa wiki 18 za kwanza, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Ukimpeleka mgonjwa maabara ya nje ya uzio, unarudi kwenye hesabu ya #5, wasindikizaji wawili kila Jumatatu.

Chumba cha maabara cha mita 12 za mraba ndani ya uzio kinaokoa wauguzi wengi kuliko kamera 40. Huyo ndiye mchawi wangu: mpango unaandikwa na watu wa majengo na watu wa usalama, mfamasia anaitwa siku ya kukata utepe.

#10 Fundi Bawaba

Daktari unataka kivuli, mimi nasema hakuna mti karibu na ukuta. Mwarobaini unakua haraka, miaka sita tawi limeshalala juu ya ukuta na hakuna wa kulikata kwa sababu mkuu wa kituo anapenda upepo wake.

#11 Daktari wa Kanda

Panda katikati ya uwanja, ukuta uwe mbali. Au jenga paa la bati lililosimama peke yake katikati, nguzo za duara nene zisizokumbatika. Hapo tumepatana?

#12 Fundi Bawaba

Tumepatana kwa paa. Mwarobaini bado.

#13 Maji Taka

Wakuu mmezunguka ukuta wote na hamjaangalia chini. Mnasahau chemba.

Mabomba ya wodi hizi yanaziba kuliko ya hoteli au shule, kwa sababu vinavyoingia chooni ni shati, kipande cha blanketi, kikombe cha plastiki. Bomba la inchi 4 lenye kona mbili za nyuzi 90 halimalizi mwezi. Weka inchi 6, kona za nyuzi 45, na chemba kila mabomba yanapokutana. Lakini chemba zikae wapi? Mara nyingi zinachorwa uani, katikati ya wagonjwa. Mfuniko wa zege wenye pete ya chuma ni silaha, shimo lake ni maficho, na likiunganishwa na mtaro mkubwa ni njia. Chemba zote ziwe nje ya uzio wa wodi, au zifungwe kwa mfuniko wa chuma wenye kufuli.

Afadhali zaidi, vyoo vyote vipangwe mgongo kwa mgongo na katikati yake upite ujia mwembamba wa mafundi, wenye mlango wake wa nje. Fundi anazibua bila kukanyaga wodini. Asipokuwa na ujia huo anaingia na boksi la spana 14 na kutoka na spana 13, na wodi nzima inapekuliwa usiku kucha kutafuta namba 17. Spana zihesabiwe kwa maandishi akiingia na akitoka, muuguzi na fundi wote wasaini.

Maji: Shirika la Afya Duniani linaweka lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku. Wagonjwa 100 kwa lita 60 kwa siku tatu za mgao ni lita 18,000, matenki mawili ya 10,000, nayo yakae chini nje ya uzio na pampu, yasipandishwe mnarani. Daktari #9 na lithiamu yake wanajua kwa nini nasema siku tatu.

#14 Bandiko la Reading

Salamu kutoka Uingereza. Nimeona mtu ametaja wavu wa 358. Huku vituo vya usalama wa kati vina uzio wa mita 5.2 na vya usalama wa chini mita 3. Hospitali za usalama wa juu kabisa kwa England yote ni tatu tu: Broadmoor, Rampton na Ashworth. Yaani ngazi tatu, na mtu anashuka ngazi kadiri anavyopata nafuu.

Ila msidhani huku mipango inakwenda vizuri. Kamati ya Butler, iliyoundwa na serikali, ilishauri mwaka 1974 vijengwe vituo vya usalama vya kila kanda, kwa sababu Broadmoor ilikuwa imefurika. Fedha zilitolewa. Mamlaka nyingi za kanda zikazitumia kwa mambo mengine ya afya, kwa kuwa hazikuwa zimefungiwa kazi hiyo peke yake. Kituo cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa 1980. Na Broadmoor yenyewe, jengo la mwaka 1863, wakaguzi walisema mwaka 2003 kwamba halifai tena. Jengo jipya lilifunguliwa Desemba 2019.

Halafu wanasema usalama una sehemu tatu: majengo, taratibu, na jinsi wafanyakazi wanavyowajua wagonjwa. Hiyo ya tatu ndiyo wanayoitegemea zaidi. Muuguzi anayejua kwamba fulani hajala tangu jana na amegombana na ndugu kwenye simu anazuia mengi kuliko wavu.

#15 Zamu ya Usiku

Asante #14, hiyo ya mwisho nimeidurufu. Ila kujuana kunahitaji watu walewale wakae wodi ileile. Ukihamisha wauguzi kila miezi mitatu, hakuna anayemjua mtu.

#16 Sina Chama

Kwa maelezo haya jibu si liko wazi? Vunjeni taasisi moja kubwa, jengeni vituo vidogo vya vitanda 20 kila kanda. Mwanza, Mbeya, Arusha, Mtwara. Safari ya karandinga inafutika, ndugu wanatembelea, kujuana kunakuwepo. Au wapewe watu binafsi, serikali ilipie.

#17 Wakili wa Mtaa

Sina Chama, Italia walifanya hilo la kwanza. Walikuwa na hospitali sita za kimahakama zilizojaa. Sheria namba 81 ya mwaka 2014 ikazifunga, wakaweka vituo vidogo vya vitanda visivyozidi 20, na mabadiliko yakakamilika 2017. Vituo ni vizuri kwelikweli. Lakini vitanda vikawa vichache kuliko amri za mahakama, ikatokea foleni, na baadhi ya watu wakawa wanasubiri wakiwa gerezani. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba yao ikawaambia wabunge mfumo unahitaji kurekebishwa. Udogo wa kituo hauondoi swali la #1. Unahamisha foleni kutoka ndani kwenda nje, mahali ambapo takwimu za hospitali hazifiki.

Hilo la watu binafsi soma habari ya Life Esidimeni, Afrika Kusini. Mkoa wa Gauteng uliwahamisha wagonjwa wa akili mwaka 2016 kwenda vituo visivyokuwa tayari ili kubana matumizi. Walikufa 144. Hao hawakuwa wagonjwa wa mahakama hata kidogo, lakini mpango ni mpango.

Kwangu mimi mzizi ni mlango wa kutokea. Mtu wa kifungu cha 219 anatoka kwa amri ya Waziri, na faili linapita meza nyingi. Uganda ilikuwa hivyohivyo, watu wakisubiri amri ya waziri miaka na miaka, mpaka mwaka 2015 jaji mmoja wa Mahakama Kuu akasema kazi hiyo ni ya mahakama. Ukiingiza watu 30 kwa mwaka na kila mmoja akakaa miaka 6, unahitaji vitanda 180. Wakikaa miaka 4, vitanda 120. Vitanda 60 vimepatikana kwa kalamu.

#18 Afisa Mipango

Wakili, hiyo kalamu haina kifungu cha bajeti, ndiyo sababu haipendwi. Acha nieleze jinsi fedha inavyotembea, labda #1 atapata jibu lake.

Jengo linaombewa fungu la maendeleo. Lina picha, lina utepe, lina asilimia ya utekelezaji. Wauguzi 22 wa #5 wako kwenye mishahara, wanahitaji ikama na kibali cha ajira, na hayo yana kalenda yake. Dawa, dizeli ya jenereta na kuzibua choo viko kwenye matumizi mengineyo, fungu linalokatwa la kwanza mwaka ukiwa mgumu. Mafungu matatu, maombi matatu, na hakuna anayelazimika kuyaleta siku moja. Kwa hiyo ukuta unakamilika Juni, wauguzi wanakuja mwaka wa pili, maabara haiji. Mgonjwa wa mahakama ana wizara tatu juu yake: afya inamtibu, mambo ya ndani inamsafirisha, katiba na sheria inamfungulia. Wizara ya Afya ikiomba fedha za vitanda inajibiwa na hazina. Ikiomba karandinga inaambiwa hiyo si kazi yako.

Halafu kuna fosi akaunti, yaani kamati inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi. Kwa madarasa na zahanati imefanya kazi kubwa, sibezi. Lakini milango inayotegeana, vioo vya tabaka, bawaba ndefu ya kutoka juu mpaka chini ya mlango, hivi havipatikani duka la vifaa mtaani. Kamati inanunua kitasa cha kawaida kwa sababu ndicho kilichopo, na vitasa vya kawaida vya boksi moja vina funguo zinazofanana.

#19 Kikosi Moto

Hapo kwenye funguo nisimame. Wodi imefungwa, moto umeanza saa tisa usiku, magodoro ya sponji, moshi umejaa dakika chache. Muuguzi ana kitita cha funguo 24 zinazofanana na taa imezimika. Mpango mzuri: vyumba vyote vya ubavu mmoja vifunguke kwa ufunguo mmoja, nao ukatwe alama unayoisikia kwa kidole gizani. Milango ya vyumba ifungukie nje, ili mtu asiizibe kwa kitanda. Wagonjwa wasitolewe barabarani, wahamishiwe wodi ya pili iliyotenganishwa kwa ukuta na mlango wa kuzuia moto, ndani ya uzio uleule. Kwa hiyo kila wodi iwe na jirani yenye nafasi ya kupokea watu kwa muda. Wodi ya peke yake katikati ya kiwanja, hata iwe na ukuta wa mita 5.2, haina pa kukimbilia.

Nondo za dirishani zisizofunguka kokote ni kosa. Dirisha lifunguke sentimita 10 hadi 12, hewa inapita, mtu hapiti.

#20 Mama Ustawi

Nimesoma wote, asanteni. Wakili anasema Waziri, lakini amri ikitoka nani anampokea? Aliyekufa mara nyingi ni mtu wa familia au wa jirani. Kijiji hakijasahau, ndugu wamehama au wamegawana shamba. Mtu amepona, ana barua mkononi, na hana pa kushukia basi.

Tanzania ilikuwa na wazo lake zamani, vijiji vya utengamao, kama Hombolo nje ya Dodoma: mgonjwa aliyetulia analima, anafuga, anapikiana na wenzake, dawa inamfuata. Mpango wowote wa vitanda 100 vya ndani usio na hata vitanda 20 vya namna hiyo nje, utajaa. Afisa ustawi aende kijijini miezi sita kabla ya amri, akaongee na mwenyekiti na ndugu wa marehemu, sio wiki ya mwisho. Nauli yake iko fungu gani, #18 atatuambia.

#21 Afisa Mipango

Matumizi mengineyo, mama. Lile linalokatwa.

#22 Mchora Ramani

Wakuu mmenifundisha. Wakili, nimekubali makundi yatenganishwe, kila moja na hesabu yake. Lakini Zamu ya Usiku, Maji Taka na Daktari wananivuta kwingine: hata siku zikipungua, wodi isiyo na watu, maji na damu iliyopimwa inarefusha siku yenyewe. Kwa hiyo kipi kinatangulia?

#23 Zamu ya Usiku

Kabla hujajibiwa hilo, kuna kundi ambalo halimo kwenye post yoyote kuanzia #1: wanawake. Ni wachache, hivyo kwenye mchoro wanapewa chumba kimoja mwisho wa jengo la wanaume. Humo wanachanganywa wa uchunguzi wa siku 42 na wa miaka sita, mwenye mtoto mchanga na asiye naye, kwa sababu "hawafikii wodi". Zamu yao inahitaji watu karibu sawa na wodi kamili, mlango wao uwe na njia yake, na uani wao usionekane kutoka madirisha ya wanaume. Ile 7.4 kwa kitanda kwao haifanyi kazi. Kundi likiwa dogo, wiki moja vitanda vitupu, wiki inayofuata wanakuja wanne kwa siku moja. Huwezi kuacha asilimia 15, unaacha nusu.

#24 Fundi Bawaba

Nusu ya vitanda vitupu, halafu mkaguzi aje aviite matumizi mabaya ya fedha za umma. #18, hiyo unaiandikaje?